Ngazi Haikuwamo Katika Mgao wa Kwanza: Kisa cha Magari ya Zimamoto Pale Grenfell

Saa 6:54 usiku wa kuamkia Jumatano, Juni 14, 2017, simu iliingia katika chumba cha dharura cha kikosi cha zimamoto cha London. Mkazi wa ghorofa ya nne ya Grenfell Tower, jengo la ghorofa 24 magharibi mwa jiji hilo, alieleza kwamba jokofu lake lilikuwa linawaka moto jikoni. Dakika tano baadaye magari mawili ya kwanza yalikuwa yamesimama chini ya jengo. Kwa kazi ya zimamoto hiyo ni kasi nzuri. Hata hivyo moto ule ulipanda hadi kileleni na kulizunguka jengo, na waliopoteza maisha walifika 72.

Kisa hiki kimeandikwa sana kwa upande wa vibao vilivyofunika kuta, na ni haki iwe hivyo, maana huko ndiko kwenye kiini cha maafa. Hapa nakichambua kwa upande wa magari tu: yalikuja yapi, yalikuja lini, na kila moja lilikuwa na uwezo gani pale lilipofika. Baada ya moto, swali lililosikika kila mahali lilikuwa hili: mbona ngazi ndefu haikuwapo? Swali lina maana, ila wengi huliuliza wakifikiria urefu wa ngazi. Mimi naona jambo zito zaidi ni dakika ambayo ngazi ilifika, na dakika hiyo iliamuliwa na karatasi iliyoandikwa muda mrefu kabla ya jokofu kushika moto.

Orodha iliyotangulia moto

Kituo cha simu za dharura hakitumi magari kwa kukisia. Kwa kila aina ya jengo na kila aina ya tukio kuna orodha iliyokwisha kupangwa: magari mangapi, ya aina gani, kutoka vituo vipi. Huo ndio mgao wa kwanza. Mpokea simu akishajua kwamba ni moto ndani ya jengo refu la makazi, orodha inafuatwa na magari yanaondoka huku mpiga simu bado anaeleza. Usiku ule, mgao wa kwanza wa London kwa jengo kama lile ulikuwa magari manne ya pampu. Gari la ngazi halikuwamo. Kamanda aliyeko eneo la tukio aliruhusiwa kuliomba akiona linahitajika, lakini halikutoka lenyewe.

Mpango huo ulikuwa na mantiki yake. Jengo refu la makazi hupangwa ili kila fleti izungukwe na kuta, sakafu na milango inayostahimili moto kwa muda. Moto unaoanza jikoni kwa mtu unatarajiwa kufia humohumo. Ndiyo maana wakazi wa fleti nyingine huambiwa wabaki ndani, na ndiyo maana zimamoto hupigana na moto huo kutokea ndani: askari wanapanda ngazi za jengo, wanaunganisha mpira karibu na mlango wa fleti, wanauzima, wanatoka. Mioto mingi ya maghorofa imezimwa kwa namna hiyo bila jirani hata kuamka. Kwa kazi kama hiyo, gari la ngazi lenye uzito wa tani nyingi linaonekana mzigo unaoziba barabara.

Kwa hiyo orodha iliandikwa kwa kuamini jambo moja tu, kwamba jengo litaushika moto ndani. Hakuna aliyeandika orodha ya pili ya usiku ambao jengo lingekataa kuushika.

Gari la pampu linafanya nini chini ya ghorofa

Watu wakisema gari la zimamoto kwa kawaida wanamaanisha gari la pampu. Lina tangi la maji, pampu inayoendeshwa na injini ileile ya gari, mipira, ngazi fupi za kubebwa kwa mikono, mitungi ya hewa na zana za kuvunjia milango. Tangi ndilo linalowadanganya watazamaji. Magari ya mjini kwa kawaida hubeba lita kati ya 1,000 na 2,000 hivi, na nozeli moja, yaani ncha ya mpira inayotoa maji, ikifanya kazi kwa nguvu hutumia lita mia tatu, mia nne, hata zaidi kwa dakika. Lita 1,500 zikitoka kwa kasi ya lita 400 kwa dakika haziishi hata dakika nne. Maji ya tangi ni ya kuanzia kazi. Gari lisilopata hidranti, yaani mdomo wa bomba la maji la barabarani, au mto, au gari jingine la kulijaza, litanyamaza mapema sana.

Ndiyo maana dereva, akishasimamisha gari, haendi kwenye moto. Anageuka mtu wa pampu. Anaunganisha mpira na hidranti ili maji yaingie, na mpira mwingine ili maji yatoke, kisha anasimama mbele ya geji za presha kwa muda wote wa tukio. Akikosea kidogo, wenzake walioko juu wanabaki na mpira usio na nguvu mbele ya mlango unaowaka. Ni kazi isiyopigwa picha, na wote walioko ndani wanaitegemea.

Kupandisha maji kuna gharama yake. Kila mita 10 za kwenda juu hula takriban bar moja ya presha. Grenfell ilikuwa na urefu wa mita 67. Kwa ghorofa ya nne hilo si tatizo. Kwa ghorofa ya ishirini, presha ya bar tano au sita inakwisha kwa kuinua maji tu, kabla ya kuhesabu msuguano ndani ya mipira na kabla ya nozeli yenyewe kudai bar zake kadhaa ili itoe mkondo unaofaa.

Ili askari wasiburute mpira kutoka barabarani hadi juu, maghorofa hufungwa bomba la wima lenye mdomo nje, chini, na vali katika kila ghorofa. Likiwa bomba kavu, linakaa tupu hadi gari la pampu lije kulijaza. Likiwa bomba lenye maji, linakuwa limejaa wakati wote na lina pampu zake za ndani ya jengo. Kwa miongozo ya sasa ya Uingereza, jengo linalozidi mita 50 linatakiwa kuwa na bomba lenye maji. Grenfell, jengo la miaka ya 1970, lilikuwa na bomba kavu. Maana yake ni kwamba maji yote ya ghorofa zote za juu yalitegemea gari lililosimama chini, mpira uliotoka kwenye gari hilo, na bomba lililokusudiwa moto wa ghorofa moja. Vali zikifunguliwa ghorofa nyingi kwa pamoja, presha inagawanywa, na aliye juu zaidi ndiye anayepata kidogo zaidi.

Lifti nayo ilikwama kwenye jambo dogo. Swichi inayowawezesha askari kuitwaa lifti kwa matumizi yao haikufanya kazi walipoijaribu. Jengo zima lilikuwa na ngazi moja tu ya kupanda na kushuka. Askari na mitungi yao walipaswa kupandia hapohapo wakazi walipokuwa wakishukia.

Kati ya saa 7:07 na 7:32

Askari wa kwanza wenye mitungi ya hewa waliingia kwenye fleti ile mnamo saa 7:07 usiku, na saa 7:14 walifungua mlango wa jiko. Walifanya kazi yao kama walivyofundishwa, na moto wa jikoni ukazimwa. Kwa hesabu ya mgao wa kwanza, tukio lingekuwa linakaribia kwisha.

Lakini moto ulikuwa umekwisha kutoka kupitia eneo la dirisha na kuingia kwenye mfuniko wa ukuta. Ukarabati uliokamilika mwaka 2016 ulikuwa umelivika jengo vibao vya alumini vyenye plastiki ya polietilini katikati, na nyuma yake povu la kuhami joto na uwazi wa hewa. Plastiki ile iliwaka, ikayeyuka, ikadondoka huku inawaka, na uwazi ule ukawa njia ya moto kupanda. Mnamo saa 7:26 miali ilikuwa imefika kileleni upande wa mashariki. Kutoka ghorofa ya nne hadi juu kabisa, kazi hiyo ilichukua muda usiofika dakika 20.

Huku chini, askari walielekeza maji ukutani kutokea ardhini, bila mafanikio ya kuusimamisha moto. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Vibao vya aina ile hufungwa ili mvua isiingie ukutani. Maji ya mpira yakigonga kwa nje yanakutana na ngao ileile: yanateremka juu ya alumini huku moto ukipanda nyuma yake. Tena mkondo unaopigwa kutoka chini kwa pembe kali hupoteza nguvu haraka, na kinachofika juu ni manyunyu. Mtu anayeangalia video za usiku ule na kudhani askari walikuwa wakimwaga maji ovyo hajui walikuwa wakipigana na ukuta wa namna gani.

Gari la ngazi liliombwa na kamanda saa 7 na robo hivi, pamoja na magari ya pampu ya ziada. La kwanza lilifika saa 7:32. Soma saa hizo mbili pamoja na ile ya 7:26, utaona kisa chote kilipolalia. Ngazi ilipofika, moto ulikuwa umekwisha kufika kileleni.

Je, lingefika mapema lingeokoa?

Magari ya aina hii yapo ya namna mbili kuu. Kuna ngazi inayozunguka juu ya meza yake na kurefuka kwa vipande vinavyotoka kimoja ndani ya kingine, na kuna jukwaa lililoko ncha ya mkono wa chuma unaokunjuka kwa nguvu za haidroliki. Yote mawili hutumika kwa kuokoa watu madirishani, na yote mawili yanaweza kubeba nozeli kubwa inayopiga maji kutoka juu, kwa pembe nzuri, kwa wingi ambao askari mwenye mpira wa mkononi hawezi kuushika. Yote mawili, pia, yanadai muda na nafasi: gari lisimame mahali tambarare na pagumu, litandaze miguu yake ya chuma kila upande, ndipo mkono uinuke. Gari halipandishi ngazi likiwa limebanwa kati ya magari mengine.

Ngazi ndefu zaidi za kikosi cha London wakati ule zilifika mita 32 hivi, yaani chini ya nusu ya Grenfell. Kikosi jirani cha Surrey kilikuwa na jukwaa la mita 42, na liliazimwa usiku uleule, lakini lilifika baada ya saa kadhaa. Kwa wakazi wa ghorofa ya 20 na zaidi, hakuna gari lolote London ambalo lingefika dirishani kwao, hata kama lingekuwa limeegeshwa pale tangu jioni. Ni ukweli mchungu, na wafiwa wana haki ya kuuona umeandikwa wazi, bila kufichwa nyuma ya matumaini ya ngazi.

Lakini moto haukuanzia ghorofa ya 20. Ulitokea ghorofa ya nne, mahali ambapo ngazi ya mita 32 ingefika bila shida. Kama gari hilo lingekuwa kwenye mgao wa kwanza na kufika karibu na wakati magari ya pampu yalipofika, lingekuwa limesimama na miguu yake imetandazwa wakati miali ilipoanza kulamba ukuta wa nje. Nozeli kubwa ingepiga maji kutokea juu ya moto, kwenye vibao ambavyo vilikuwa bado havijashika, badala ya kuyafukuza kutoka chini. Sisemi lingeuzima. Uwazi ule wa nyuma ya vibao ungeendelea kuuficha moto, na povu lingeendelea kuwaka. Nasema ule ndio muda pekee, dakika chache tu kabla na baada ya saa 7:14, ambapo gari la ngazi lilikuwa na nafasi ya kubadili mkondo wa tukio. Baada ya hapo lilikuwa la manufaa kwa pande za chini na kwa kupunguza makali, na manufaa hayo si madogo, lakini nafasi kubwa ilikuwa imepita.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoutazama usiku ule kama usiku wa ukosefu wa vifaa. Gari lilikuwapo jijini. Lilikuwa linangoja kuombwa. Na kamanda wa kwanza, aliyefundishwa kwamba jengo litaushika moto ndani, hakuwa na sababu ya kuliomba hadi alipouona ukuta unawaka kwa macho yake mwenyewe.

Magari arobaini

Maombi ya nyongeza yalikwenda haraka: magari sita, kisha manane, kisha zaidi na zaidi, hadi mnamo saa 8 usiku yakafika 40. Mtu akisikia magari 40 anafikiria mikondo 40 ya maji. Sivyo. Kwenye moto wa jengo refu, magari machache ya kwanza ndiyo yanayosukuma maji. Yaliyobaki yanaleta watu na hewa.

Mtungi wa kawaida humpa askari takriban nusu saa ya kupumua, na kupanda ghorofa nyingi ukiwa na mavazi mazito, mtungi mgongoni na mpira begani kunaila hewa hiyo haraka. Anayepanda kumtafuta mtu ghorofa ya 15 lazima ahesabu hewa ya kurudi. Askari wawili wakipanda, wengine wawili wanapaswa kuwa tayari kuwapokea, na wengine kuwaokoa wao wakikwama. Ndiyo maana moto mmoja unakula vikosi vya vituo vingi. Magari ya mwisho yaliyofika Grenfell thamani yake ilikuwa kwenye viti vya abiria: askari wanne, watano, wenye mapafu mapya na mitungi iliyojaa.

Kituo cha mbele, mahali askari wanapoandikishwa kabla ya kuingia kwenye moshi, kilianza ghorofa ya pili na baadaye kililazimika kushushwa hadi sakafu ya chini kwa sababu ya moshi. Kila ghorofa kituo kinaposhuka, askari anaanza kutumia hewa yake mapema zaidi. Juu ya hayo vipande vya vibao vinavyowaka vilikuwa vikianguka mlangoni, na polisi walitumia ngao zao za kuzuia ghasia kuwafunika askari wakati wa kuingia na kutoka. Sijui namna bora ya kueleza ujasiri wa watu hawa kuliko kutaja jambo hilo kama lilivyo.

Agizo la wakazi kubaki ndani liliondolewa saa 8:47 usiku. Ripoti ya awamu ya kwanza ya uchunguzi wa umma, chini ya jaji Sir Martin Moore-Bick, iliyotolewa Oktoba 2019, ilisema uamuzi huo ulipaswa kufanyika kati ya saa 7:30 na 7:50. Naungana nayo. Na inahusiana moja kwa moja na magari: pale ambapo gari haliwezi kumfikia mtu kutoka nje, njia pekee iliyobaki ni miguu yake mwenyewe kwenye ngazi za jengo wakati bado zinapitika. Kamanda anayejua ukomo wa magari yake anapaswa kuwatoa watu mapema. Mafunzo ya wakati ule hayakuwaandaa makamanda kwa hilo, na ripoti ilililaumu shirika zaidi kuliko walioshika mipira.

Kilichobadilishwa

Mwaka 2021 kikosi cha London kilitangaza ngazi mpya zenye uwezo wa kufika mita 64, tatu kwa jumla. Ni mashine za kuheshimiwa, na kwa mtu aliyeko dirishani ghorofa ya 18 zinaweza kuwa tofauti ya kufa na kupona. Bado zinadai nafasi ya kutandaza miguu. Jengo lililozungushiwa bustani, kuta fupi na maegesho yaliyojaa linaweza kuifanya ngazi ya mita 64 ishindwe kufika juu, kwa sababu gari limelazimika kusimama mbali na ukuta. Anayekagua jengo refu aanzie barabarani: upana wa njia, uzito ambao ardhi inaweza kubeba, upande gani wa jengo haufikiki kabisa na gari, hidranti iko wapi na kama kifuniko chake kinafunguka.

Mabadiliko ninayoyaona makubwa zaidi yalikuja mapema kuliko ngazi hizo, ndani ya siku chache baada ya moto, na hayakuhitaji kununua gari hata moja. Mgao wa kwanza kwa moto wa jengo refu uliongezwa kutoka magari manne ya pampu hadi matano, na gari la ngazi likaingizwa humo, litoke pamoja na mengine simu inapoingia. Mara nyingi litafika na kukuta ni sufuria iliyoungua, na kamanda ataligeuza kwa redio kabla halijazima injini. Kuligeuza huchukua sekunde. Kuliita na kulisubiri, pale Grenfell, kulichukua zaidi ya robo saa.